Rangi iliyobanduka karibu na mkunjo: kisa cha kitabu kimoja cha sala kutoka Flanders

Usuli wa kitabu

Kitabu cha kisa hiki kimeandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi ya ndama, na kilitengenezwa Flanders, katika Ubelgiji ya leo, karibu na mwaka 1500. Jina la maktaba inayokimiliki, namba yake ya rafu na majina ya waliokishughulikia yameondolewa. Ni kitabu kidogo, sentimita 15 kwa 11, kinachoenea kiganjani. Kina majani 182, jani moja likiwa na kurasa mbili, mbele na nyuma. Picha 14 zinajaza ukurasa mzima.

Kiini chake ni sala za Bikira Maria zilizogawanywa katika vipindi vinane vya siku. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu Kanisa lilihesabu saa kama tunavyozihesabu sisi, tangu jua linapochomoza. Sala ya saa ya tatu ni ya saa tatu asubuhi, ya sita ni ya saa sita mchana, ya tisa ni ya saa tisa alasiri. Kila kipindi hufunguliwa na picha yake: Kupashwa Habari kwa Maria, kumtembelea Elizabeti, Kuzaliwa kwa Yesu, wachungaji, Mamajusi, Kutolewa Hekaluni, na kwa desturi ya Flanders jioni hupewa Kuuawa kwa Watoto na usiku Kukimbilia Misri. Baada ya hapo huja Zaburi saba za toba, litania, na sala za marehemu.

Katika kalenda, Mtakatifu Donatiani, msimamizi wa Brugge, ameandikwa kwa wino mwekundu tarehe 14 Oktoba, na Bavo wa Gent yupo tarehe 1. Kalenda peke yake haitoshi kuthibitisha mji, kwa sababu karakana za Brugge ziliandika pia vitabu vya kuuza Uingereza na Hispania. Hapa antifona, yaani aya fupi inayotangulia zaburi, ya saa ya kwanza ni *Assumpta est Maria*, yaani mpangilio wa Roma, ambao uliweza kuuzwa karibu popote. Kilichokihakikishia kitabu asili yake ni pambizo, na pambizo hizo hizo ndizo zilizokuja kueleza ugonjwa wake.

Namna kurasa zilivyojengwa

Hadi miaka ya 1470 wapambaji wa Flanders walizoea kuchora pambizo kwa majani ya akantho yaliyojikunja na maua madogo juu ya ngozi tupu. Kisha karakana za Gent na Brugge zikabadili mtindo. Pambizo nzima ikapakwa rangi moja, mara nyingi ya dhahabu, na juu yake yakatawanywa maua, matunda na wadudu, kila kimoja na kivuli chake, kana kwamba mtu ametoka bustanini sasa hivi akayaangusha juu ya ukurasa. Mchoraji asiyejulikana jina, ambaye wanahistoria humwita Fundi wa Maria wa Burgundy, ni miongoni mwa walioanzisha mtindo huo. Simon Bening wa Brugge, aliyefariki mwaka 1561, aliuendeleza mpaka siku zake za mwisho. Kitabu chetu si cha mkono wa yeyote kati yao. Ni kazi ya karakana ya daraja la kati, iliyotumia vielelezo vilevile vilivyozunguka mjini.

Mpangilio wa tabaka katika pambizo hizo ni huu. Chini kabisa ni ngozi iliyokwanguliwa na kusuguliwa chaki. Juu yake kuna udongo wa manjano uliochanganywa na nyeupe ya risasi. Kisha inakuja dhahabu ya kombe, yaani dhahabu iliyosagwa ikawa unga, ikakorogwa na gundi ya mgunga, ikawekwa ndani ya kombe la chaza na kupakwa kwa brashi. Ua linakaa juu ya dhahabu.

Katika ukurasa unaotazamana na picha ya Mamajusi kuna ua la urujuani lisilozidi milimita 9. Chini ya hadubini, petali zake ni tabaka nene la azuraiti (madini ya bluu yaliyosagwa), nyeupe ya risasi na nyekundu ya mimea, na juu yake imepita mishipa mitatu ya nyeupe tupu, myembamba kuliko unywele. Upande wa chini kulia kuna kivuli cha kahawia, chepesi kiasi kwamba dhahabu inaonekana ikipita chini yake. Mwanga wa ukurasa wote unatoka juu kushoto, na katika vivuli ishirini na kitu vya ukurasa huo hakuna hata kimoja kilichokosea upande. Ni kazi ya mtu aliyekaa na ua mkononi akaliangalia.

Uzuri huo una udhaifu ndani yake. Ngozi ina nyuzi, na rangi hujishikiza humo. Dhahabu haina nyuzi. Ua nene lililo juu ya dhahabu linashikiliwa na gundi kidogo tu, na ngozi ikikunjwa, ua ndilo hutangulia kuachia.

Jambo la pili la ujenzi ni kwamba picha kubwa hazikuchorwa ndani ya kitabu. Zilichorwa kwenye majani pekepeke, mara nyingi na fundi mwingine, huku upande mmoja wa jani ukiachwa mtupu, kisha zikaingizwa mahali pake wakati wa kushona. Biashara ya majani hayo ilikuwa kubwa. Mwaka 1427 wakuu wa Brugge waliingilia kati baada ya wachoraji kulalamikia picha zilizoletwa kutoka Utrecht, na wapambaji wa mji wakatakiwa kuwa na alama ya kugonga kwenye kazi zao. Katika kitabu chetu kila jani la picha lina ukanda mwembamba upande wa ndani, milimita 6 hadi 8, uliokunjwa kuzunguka mgongo wa fungu la majani na kushonwa pamoja nalo. Ukanda huo tutauita ulimi.

Katika karne ya 19 kitabu kilijalidiwa upya kwa ngozi ya mbuzi, mgongo ukabanwa na kujazwa gundi nzito ya wanyama.

Kilichotokea

Maktaba ilitaka kukipiga picha kitabu chote na kukionyesha kwa wiki 12. Siku ya majaribio, mpiga picha alikifungua juu ya marufaa yenye mito ya sponji. Alipokiinua aliona juu ya kitambaa cheusi chembe za bluu na nyeupe, kubwa kidogo kuliko punje za chumvi laini. Kazi ilisimamishwa hapohapo. Chembe ziliokotwa kwa brashi yenye unyevu, zikawekwa kwenye vibakuli vya kioo na kuandikwa namba za kurasa. Kwa kurudisha rangi hazikufaa tena, lakini kwa uchunguzi zilifaa sana.

Dhana ya kwanza ilikuwa maji. Majani ya mwanzo yana doa la maji upande wa chini, na kila aliyekishika kitabu alilitaja doa hilo kabla ya jambo lolote. Pendekezo likawa kupunguza unyevu wa chumba cha kuhifadhia kutoka asilimia 52 hadi 45. Bahati njema halikutekelezwa. Ngozi ikikauka husinyaa na kuwa ngumu, na rangi iliyokwisha kulegea ingepoteza kitu kidogo kilichokuwa bado kimeishika.

Badala yake mhifadhi aliomba siku tano za kupima. Kila picha ilitazamwa kwa hadubini kwa ukuzaji wa mara 10 hadi 40, na kwa mwanga wa ubavuni unaotoa kivuli kwenye kila gamba lililoinuka. Kila ufa ulichorwa kwenye plastiki angavu iliyowekwa juu ya nakala ya ukurasa, wala si juu ya ukurasa wenyewe: nyekundu kwa rangi iliyoinuka, nyeusi kwa iliyokwisha kudondoka.

Ramani hizo zilipopangwa mezani, ukweli ulijitokeza. Picha 9 kati ya 14 zilikuwa na uharibifu, na katika zote 9 uharibifu ulifuata mstari wa wima, milimita 11 hadi 13 kutoka kwenye mkunjo wa ndani. Majani yenye doa la maji hayakuwa na gamba hata moja lililoinuka. Kurasa za maandishi zenye herufi zilizopambwa zilikuwa salama. Ndani ya mstari ule wa wima, dhahabu yenyewe haikubanduka. Yalibanduka maua yaliyo juu ya dhahabu, ndani ya picha vazi la bluu la Maria, na miali ya nyeupe kwenye nyuso.

Ndipo mkunjo ukachunguzwa kwa kioo kidogo cha daktari wa meno. Mjalidi wa karne ya 19 alikuwa amepaka gundi juu ya ndimi tisa na kuzigandamiza kwenye majani jirani, bila shaka kwa nia njema ya kuimarisha. Pale palikuwa na unene wa ngozi tatu na gundi ngumu kama ukucha. Kitabu kikifunguliwa, sehemu hiyo haikunjiki. Mkunjo unasogea hadi ukingo wa gundi, na ukingo huo uko ndani ya pambizo iliyopakwa rangi. Picha tano salama ndizo zile ambazo ndimi zao hazikuguswa na gundi.

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza lilikuwa mpangilio: kuondoa chanzo kwanza, au kushika rangi kwanza? Ilichaguliwa rangi, kwa sababu kulegeza mgongo kunatikisa majani, na magamba yaliyosimama yangedondoka kabla hayajafikiwa.

Gundi iliyochaguliwa ni ya mabondo ya samaki aina ya stajeni. Bondo ni kile kifuko cha hewa cha samaki ambacho wavuvi wa Ziwa Victoria hukiuza kutoka kwa sangara. La stajeni hutoa gundi yenye nguvu hata ikiwa nyepesi sana, isiyokuwa na rangi, na inayoweza kulainishwa tena kwa maji miaka ijayo. Jelatini ilifikiriwa, lakini huganda upesi kwenye joto la chumba, na gundi iliyoganda haiingii kwenye ufa mwembamba. Gundi za viwandani ziliachwa kwa sababu zinahitaji vimumunyisho vikali kuziondoa.

Utayarishaji: gramu 1 ya bondo kavu, lililokatwa vipande, ililowekwa usiku mzima katika mililita 100 za maji yaliyosafishwa. Asubuhi ilipashwa ndani ya sufuria ya maji moto kwa saa moja na nusu, joto lisizidi nyuzi 60, kwa kuwa moto mkali huivunja gundi ikapoteza nguvu. Ilichujwa kwa kitambaa cha hariri. Wakati wa kazi ilishikiliwa kwenye nyuzi 40 hivi, na iliyobaki ilikaa kwenye friji kwa siku tatu tu, kisha ikamwagwa.

Kila gamba lilifuata njia moja. Kwanza tone dogo la ethanoli na maji, nusu kwa nusu, kwenye ukingo wa ufa. Ethanoli hufungua njia. Bila hiyo gundi hukaa juu kama umande juu ya jani la gimbi. Kisha gundi ya asilimia 1 kwa brashi namba 000, ikigusishwa ukingoni tu na kuachwa ivutwe chini ya gamba yenyewe. Baada ya dakika moja hivi, gamba likiwa limelainika, lilishushwa kwa ncha ya kifupa, kijiti bapa cha mfupa, juu ya kipande cha plastiki isiyonata. Kubonyeza mapema kunavunja gamba. Kubonyeza kwa kuchelewa kunalirudisha juu. Fundi mzoefu alimaliza magamba 30 hadi 40 kwa siku, kisha macho yalichoka na kazi ikasimama.

Kwenye vazi la bluu katika picha ya Kukimbilia Misri mambo yaliharibika. Gundi ileile ya asilimia 1, iliyofanya kazi vizuri kwenye maua, iliacha doa la milimita 4 lililokoza na kung'aa. Majaribio ya awali yalikuwa yamefanyika kwenye zingefuri, yaani nyekundu ya zebaki, na kwenye dhahabu, rangi ambazo punje zake ni laini na zimebanana. Azuraiti ya vazi ni ya punje kubwa, kwa sababu ukiisaga sana bluu yake hupauka, na ilipakwa kwa gundi kidogo ili ibaki bila mng'ao. Kati ya punje kuna hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoupa uso wake ulaini wa mahameli. Gundi ilipojaza nafasi hizo, mwanga ukapita badala ya kutawanyika, na bluu ikawa nyeusi-nyeusi.

Kazi kwenye bluu ilisimama kwa wiki nzima. Jaribio jipya lilifanyika kwenye kipande cha ngozi mpya kilichopakwa azuraiti ya punje kubwa, na matokeo yakawa kutumia ukungu: gundi ya asilimia 0.5 iliyogeuzwa mvuke baridi na mashine ndogo, ikipulizwa kwa sekunde chache, ikaachwa ikauke kwa nusu saa, kisha tena, mara nne hadi sita. Vazi lilishikwa bila doa la pili. Doa la kwanza liliachwa. Kuliondoa kungehitaji maji mengi juu ya rangi inayolegea kwa maji, na hasara ingezidi faida.

Kuhusu jalada kulikuwa na mvutano wa kweli. Mhifadhi alitaka kulivua lote na kushona upya. Mtunzaji wa mkusanyo alikataa, kwa hoja yenye uzito: jalada lile lina mihuri ya dhahabu inayoonyesha nani alikuwa nacho kitabu wakati ule, na kushona upya kungeharibu matundu ya awali ambayo bado hayajachunguzwa. Walikubaliana kuinua ngozi ya mgongo tu, kulainisha gundi kwa uji mzito wa methiliselulosi (gundi laini itokanayo na mimea) wa asilimia 4 kwa dakika 10 hadi 15 kila sehemu, kuikwangua kwa kifupa, na kuachilia ndimi moja moja. Ndimi nane ziliachiliwa. Wa tisa, kwenye picha ya Kuuawa kwa Watoto, uliachwa kwa sababu pambo la jani jirani limeingia chini ya gundi, na unyevu ungelichukua.

Matokeo

Kabla ya kazi kitabu kilifunguka kwa shida hadi nyuzi 70 kabla ya mstari ule kuanza kukaza. Baada ya kazi kinafika nyuzi 100 bila kulazimishwa, na hapo ndipo kikomo kilipowekwa. Upigaji picha ulifanyika upande mmoja kwa mmoja, bila kioo cha kubana.

Kwenye maonyesho kilifunguliwa mahali pamoja tu, kwenye Mamajusi, kwa sababu ukurasa huo una nyekundu ya mimea kidogo tu, rangi inayofifia upesi kwa mwanga kuliko nyingine zote za kitabu. Mwanga ulikuwa luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, jumla luksi-saa 28,800 kwa wiki zote 12. Sanduku lilishikilia unyevu kati ya asilimia 50 na 55.

Ukaguzi baada ya miezi mitatu haukuona jipya. Ukaguzi baada ya mwaka uliona magamba mawili mapya, yote mawili kwenye picha ya Kuuawa kwa Watoto, kwenye mstari uleule.

Uchambuzi

Ramani ndizo zilizookoa kitabu hiki, kuliko gundi yoyote. Bila kuchora kila ufa, doa la maji lingeendelea kulaumiwa kwa sababu tu linaonekana, na chumba kingekaushwa. Uharibifu unaofuata mstari ulionyooka hautokani na unyevu, kwa kuwa unyevu huenea kwa umbo la wingu. Mstari ulionyooka unatokana na mkono wa mtu au na mkunjo.

La pili ni ujuzi wa karakana zenyewe. Aliyejua kwamba picha za Flanders huingizwa kama majani pekepeke alijua pa kutafuta: kwenye ulimi. Aliyejua kwamba ua hukaa juu ya dhahabu alielewa kwa nini dhahabu ilibaki na ua likaondoka. Historia ya sanaa ilitumika hapa kama kifaa cha uchunguzi, sawa na hadubini, na inasikitisha kwamba mara nyingi huitwa mwishoni, kwa ajili ya kuandika maelezo ya ukutani.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye majaribio. Rangi za kujaribia zilichaguliwa kwa urahisi wa kuzifikia, pembezoni, na si kwa namna zinavyotofautiana. Kitabu cha aina hii kina angalau tabia nne za rangi: ya punje kubwa isiyo na mng'ao, laini yenye kubanana, ya mimea iliyo kama kioo, na dhahabu. Kila moja ilistahili jaribio lake kwenye ngozi mpya kabla ya brashi kugusa ukurasa. Hiyo ingegharimu siku mbili. Doa la milimita 4 halitaondoka.

Kosa la pili lilitangulia kisa chenyewe. Kumbukumbu za maktaba zinaonyesha kwamba miaka kadhaa nyuma kurasa kadhaa zilipigwa picha kitabu kikiwa kimelazwa wazi kabisa chini ya kioo. Hakuna aliyepima kabla wala baada. Upo uwezekano mkubwa kwamba nyufa nyingi zilianzia hapo, lakini bila picha za karibu za wakati huo hilo haliwezi kuthibitishwa.

Kuhusu jalada, suluhisho la katikati lilifanikiwa mahali nane na kushindwa mahali pamoja, na magamba mawili mapya ndiyo bei yake. Uamuzi wa kutogusa ulimi wa tisa bado unatetewa na wote wawili, mhifadhi na mtunzaji. Jani hilo sasa lina kipande cha karatasi isiyo na asidi kinachomwambia anayefungua asizidi nyuzi 60, na hukaguliwa kila baada ya miezi sita kwa hadubini, ramani ya awali ikiwa mezani.